Mafunzo ya sanaa wikendi: Kwa nini Jumamosi moja haitoshi

Na MWANDISHI WETU

JUMAMOSI asubuhi, vijana wengi wa shule za upili za kutwa jijini Nairobi huonekana wakipanda matatu, mikoba imejaa vitabu vya Hisabati na Kemia. Wengine huenda maktaba, wengine kwa jamaa wanaojua kukokotoa, na wengine kwa walimu wanaowalipa pembeni. Mara mojamoja utamwona mmoja aliyebeba shehena tofauti: karatasi kubwa iliyoviringishwa na kufungwa kwa mpira, ubao mwembamba kwapani, na mkebe wa penseli unaogongagonga kila gari linapoingia shimoni.

Huyu naye anaenda darasani. Ila majirani wakimwuliza aendako, naye akajibu kwamba anaenda kujifunza kuchora, aghalabu hutazamwa kwa jicho la huruma, kana kwamba amekiri kwamba masomo ya kweli yamemshinda.

Dhana hiyo ina mizizi mirefu. Mwandishi wa makala haya alisoma katika shule iliyokuwa na chumba kilichoandikwa ‘Sanaa’ mlangoni. Kwa miaka minne hakuwahi kukiona kikifunguliwa, isipokuwa siku ile wafanyakazi walipokwenda kurundika humo madawati mabovu.

Swali linalowakabili wazazi na wanafunzi kwa sasa si tu kama kuchora kuna faida. Ni iwapo saa mbili au tatu za wikendi, nje ya shule, zinaweza kweli kumpa kijana elimu ambayo shule yake haina uwezo wa kumpa. Jibu ni ndiyo, lakini kwa masharti ambayo wengi wanaofungua madarasa hayo, na wengi wanaolipia, hawayazingatii.

Tuanze na jinsi tulivyofika hapa. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanzishwa mwaka wa 1985, nia yake iliyotangazwa ilikuwa kuwapa wanafunzi stadi za mikono. Sanaa na ufundi, muziki, useremala, kilimo na sayansikimu vilipewa nafasi katika ratiba, na wazazi wakachanga fedha kwa harambee kujenga karakana. Haukupita muda mrefu kabla ya malalamiko kuzuka kwamba mzigo wa masomo ulikuwa mzito mno kwa watoto na kwa mifuko ya wazazi.

Masomo yalipopunguzwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, sanaa na muziki ni miongoni mwa yaliyoondolewa katika mtihani wa KCPE. Vitabu vya mtaala havikuyafuta, na kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani vipindi vyake vilibaki. Lakini anayezifahamu shule zetu anajua kwamba kisichotahiniwa hakifundishwi. Kipindi cha sanaa kikawa cha kumalizia zoezi la Hisabati.

Katika shule za upili, somo la Sanaa na Ubunifu liliendelea kutahiniwa katika KCSE kwa karatasi tatu, yaani nadharia, kazi ya vitendo na mradi. Hata hivyo, limekuwa siku zote miongoni mwa masomo yenye watahiniwa wachache, kwa kuwa shule zenye mwalimu wake na vifaa vyake ni chache.

Kisha mtaala wa umilisi, CBC, ukaja na ahadi mpya. Januari 2026, kundi la kwanza la wanafunzi wa mtaala huo lilijiunga na Gredi ya 10 katika sekondari pevu, likiwa limegawanywa katika mikondo mitatu: sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Sanaa za kuchora na kuchonga zimo katika mkondo huo wa tatu, pamoja na muziki na dansi, uigizaji na filamu, na michezo.

Kwenye karatasi, hili ni jambo la kupigiwa makofi. Lakini si kila shule iliyopewa mikondo yote mitatu. Shule zote zina mkondo wa sayansi. Zilizo na miwili tu ndizo zinazokosa sanaa. Kijana anayeishi karibu na shule ya namna hiyo hana budi kusafiri mbali au kuchagua kitu kingine.

Isitoshe, mwanafunzi wa Gredi ya 9, mwenye umri wa miaka 14 au 15, anatakiwa kuamua iwapo sanaa ndiyo njia yake hata kama hajawahi kukaa mbele ya mtu anayejua kuifundisha. Anachokijua ni kwamba wenzake humsifu anapochora katuni nyuma ya daftari. Hicho ni kipimo dhaifu cha kuamulia maisha. Anaweza kuingia mkondo huo kwa kipaji cha kubahatisha na kujuta, au akauepuka kwa woga ilhali ndio uliomfaa. Hapa ndipo darasa la wikendi linapopata kazi yake halisi.

Kutoka barazani

Wanaodhani kwamba mafunzo ya nje ya ratiba ni mzaha wangefaa kukumbuka jinsi sanaa ya kisasa ilivyoanza kufundishwa katika Afrika Mashariki. Mwishoni mwa miaka ya 1930, Margaret Trowell, mwalimu kutoka Uingereza aliyeishi Kampala, alianza kuwafundisha watu wachache kuchora katika baraza la nyumba yake. Hapakuwa na shahada wala cheti. Mafunzo hayo ya barazani yaliingizwa katika Chuo cha Makerere na kukua hadi kuwa shule ya sanaa ambayo baadaye ilipewa jina lake.

Miongoni mwa waliopitia Makerere ni Elimo Njau, mzaliwa wa Tanganyika ambaye mwishoni mwa miaka ya 1950 alichora michoro mikubwa ya maisha ya Yesu katika kanisa la ukumbusho mjini Murang’a. Katika michoro hiyo, matukio ya Biblia yanatendeka katika mandhari ya Kikuyu. Mwaka wa 1965 Njau alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Paa ya Paa jijini Nairobi, kituo ambacho kwa miongo mingi kiliwapokea wasanii chipukizi bila kuwauliza cheti. Moto ulikiteketeza kwa kiasi kikubwa mwaka wa 1997, lakini mlango wake haukufungwa.

Mfano wa karibu zaidi uko Mukuru, katika vitongoji vya mabanda vya eneo la viwandani la Nairobi. Huko, kikundi cha wasanii kiitwacho Wajukuu kimekuwa kikiwafundisha sanaa watoto na vijana wa mtaa tangu miaka ya 2000. Mwaka wa 2022, kikundi hicho kilialikwa kuonyesha kazi zake katika maonyesho ya documenta mjini Kassel, Ujerumani, ambayo ni miongoni mwa maonyesho makubwa zaidi ya sanaa duniani. Wageni walioingia katika jumba la maonyesho walipitia lango lililojengwa kwa mabati yaliyoshika kutu, mithili ya nyumba za mtaani kwao.

Naye Patrick Mukabi, mchoraji anayejulikana kwa picha zake za akina mama wa sokoni, amewalea wasanii wengi chipukizi katika studio zake, kwanza katika kituo cha GoDown na baadaye katika uwanja wa Makumbusho ya Reli.

Kinachowaunganisha hawa wote ni kwamba mwanafunzi aliweza kurudi wiki iliyofuata, na iliyofuata tena, akamkuta mtu yule yule aliyejua alikokuwa amefikia.

Sufuria juu ya stuli

Sasa tuingie darasani. Darasa zuri la wikendi huwa halivutii kwa macho. Katikati ya chumba kuna stuli, na juu ya stuli kuna sufuria kuukuu. Wanafunzi kumi au kumi na wawili wameketi kuizunguka.

Anayeingia mara ya kwanza hushangaa. Alitarajia kuchora simba, au uso wa mwanasoka maarufu. Anaambiwa achore sufuria.

Anapochora, kosa lake la kwanza hujitokeza papo hapo, nalo ni lile lile kwa takriban wanafunzi wote: huuchora mdomo wa sufuria kama duara kamili. Kwa nini? Kwa sababu anajua kwamba sufuria ni mviringo. Lakini kutoka pale alipoketi, mdomo huo hauonekani kuwa duara hata kidogo. Unaonekana bapa, kama yai lililolazwa na kubanwa. Mkono wake umechora anachokijua badala ya anachokiona.

Hilo ndilo somo zima la kuchora, na wengine huhitaji mwaka kulielewa.

Mwalimu hamwambii kwamba amekosea. Humwambia anyooshe mkono kikamilifu, ashike penseli wima, afumbe jicho moja, kisha apime kwa kidole gumba: urefu wa sufuria unaingia mara ngapi katika upana wake? Mwanafunzi hupima na kugundua kwamba upana ni mara moja na nusu ya urefu, ilhali kwenye karatasi yake vipimo hivyo viwili ni sawa. Anafuta mwenyewe. Sharti mkono unyooshwe kila mara, kwa maana ukikunjika kiwiko kipimo hubadilika.

Wiki inayofuata huenda akaambiwa aiache sufuria na kuichora stuli, lakini asichore miguu yake. Achore nafasi zilizo wazi kati ya miguu. Zoezi hili huwatatiza vijana kwa dakika chache, kisha huwafurahisha kama kitendawili kilichoteguliwa. Nafasi tupu haina jina wala umbo lililokaririwa, hivyo jicho halina budi kutazama. Nafasi zikishachorwa sawasawa, miguu ya stuli hujitokeza yenyewe.

Baada ya mistari huja nuru na kivuli. Mwanafunzi hufundishwa kuyafumba macho nusu, ili vitu vidogo vidogo vitoweke na yabaki mabapa makubwa ya mwanga na giza. Huchora vyumba vitano kwenye ukingo wa karatasi na kuvijaza kutoka weupe wa karatasi hadi weusi mzito kabisa ambao penseli yake inaweza kutoa. Hapo ndipo anapoelewa maana ya zile herufi zilizochapishwa kwenye penseli. Ya HB ni ya kuandikia. Zenye H ni ngumu na hafifu, ilhali 2B, 4B na 6B huzidi kuwa laini na nyeusi kadiri nambari inavyopanda. Mwanafunzi mwenye HB peke yake hawezi kupata giza la kweli hata akandamize hadi karatasi itoboke.

Rangi hungoja. Mwalimu anayewapa wanafunzi rangi kumi na mbili siku ya kwanza anatafuta kuwapendeza wazazi. Mwenye hekima huanza na tatu: nyekundu, manjano na samawati, pamoja na nyeupe. Kutokana na hizo, mwanafunzi hujitafutia kijani, zambarau, rangi ya machungwa na kahawia.

Kuna zoezi moja ambalo kila kijana wa Kiafrika angefaa kulifanya mapema, nalo ni kuchanganya rangi ya ngozi yake mwenyewe. Wengi hukimbilia kahawia na kuitia nyeusi, wakaishia na uso uliokufa. Wakitazama mkono wao kando ya dirisha, huona kwamba palipo na mwanga kuna wekundu na umanjano, na palipo na kivuli kuna samawati na hata zambarau. Nimewahi kumwona msichana wa kidato cha pili akiutazama mkono wake wa kushoto kwa muda mrefu baada ya zoezi hili, mithili ya mtu aliyeonyeshwa picha yake kwa mara ya kwanza.

Nusu saa ya mwisho huwa ya uhakiki. Michoro hubandikwa ukutani au hupangwa sakafuni, na kila mmoja husema anachokiona kabla ya kusema iwapo kinapendeza. “Sufuria yako inaegemea kushoto.” “Giza lako lote liko upande mmoja.” Vijana waliozoea kuchekwa au kusifiwa tu huona ugumu mwanzoni. Baada ya miezi miwili huwa wanaingojea nusu saa hiyo kuliko nyingine zote, kwa kuwa ni nadra shuleni mtu kuulizwa macho yake yameona nini.

Nakala za simu

Mtu yeyote anayepita katika mitandao ya kijamii ya Wakenya atakutana na picha za penseli za wanasiasa, wanamuziki na wanamichezo, zilizochorwa kwa ustadi wa kushangaza kutoka kwa picha za simu. Vijana wengi hutaka kujifunza hilo na hakuna lingine.

Ustadi huo si wa kudharauliwa. Unahitaji subira, na wapo wanaojipatia riziki kwao. Lakini kwa anayeanza, kunakili picha ya simu ni kama kujifunza kuogelea kwa kutazama maji kwenye bakuli. Kamera imekwisha kufanya kazi ngumu: imechagua pembe, imelaza umbo lenye pande tatu likawa bapa, imeamua kipi kiwe wazi na kipi kififie. Mwanafunzi hubaki kuhamisha madoa kutoka mraba hadi mraba. Mweke mbele ya bibi yake anayechambua mchele, mkono hausogei.

Elimo Njau aliyetajwa hapo juu alijulikana kwa msimamo wake mkali dhidi ya kuigiza kazi za wengine. Si lazima tufike kwenye ukali huo. Yatosha darasa la wikendi kuwa na kanuni kwamba mwaka wa kwanza ni wa kuchora vitu vilivyopo: viatu, vikombe, mikono, mti ulio uani, foleni ya matatu, kiondo kilichotundikwa msumarini. Anayeishi Lamu ana milango iliyochongwa, na wa Tabaka, Kisii, ana mawe laini na wachongaji wake.

Karatasi ya bei nafuu

Kikwazo kinachotajwa zaidi na wazazi ni gharama. Ni kweli kwamba turubai na rangi za mafuta ni ghali. Ila mwanafunzi wa shule ya upili havihitaji, na darasa linalomtaka avinunue mwezi wa kwanza linastahili kutiliwa shaka.

Penseli tatu, kifutio, kisu kidogo cha kuchongea na ubao wa kuegemeza karatasi vinatosha kwa muhula mzima. Karatasi za kaki za kufungia vitabu hupokea mkaa vizuri kuliko karatasi nyingi nyeupe, na rangi yake ya udongo humpa mchoraji kiwango cha kati cha mwanga bila jasho. Kazi yake ni kuongeza weusi kwa mkaa na weupe kwa chaki. Magazeti ya zamani yanafaa kwa michoro ya dakika moja moja.

Mkaa wenyewe unaweza kutengenezwa nyumbani. Vijiti vyembamba, vilivyokauka na kuambuliwa magome, hupangwa ndani ya mkebe wa bati, mkebe ukafunikwa vizuri na kutobolewa tundu dogo la kupitishia moshi, kisha ukawekwa juu ya moto. Kwa kuwa hewa haiingii, vijiti huiva na kuwa mkaa badala ya kuwa jivu. Moshi ukikoma kutoka tunduni, mkebe huondolewa motoni na kuachwa upoe kabisa kabla ya kufunguliwa. Ukifunguliwa ukingali moto, hewa huingia na vijiti huwaka vyote. Kazi hii ifanyiwe nje, mbele ya mtu mzima.

Saa hazidanganyi

Tufanye hesabu. Mwanafunzi akihudhuria Jumamosi 30 kwa mwaka, saa mbili na nusu kila mara, atakuwa amepata saa 75. Zinaonekana nyingi, lakini ni pungufu ya siku nne kamili. Na kati ya Jumamosi moja na nyingine kuna siku sita za kusahau.

Ndiyo maana walimu makini humkabidhi kila mwanafunzi daftari lisilo na mistari na kumtaka achore robo saa kila siku. Robo saa mara sita ni saa moja na nusu kwa wiki. Kwa wiki zile zile 30, hizo ni saa 45 zaidi, na zina thamani kuliko hesabu inavyoonyesha kwa sababu mkono hauachwi ukakauka. Mwalimu akifungua daftari Jumamosi na kukuta kurasa tupu, anajua kwamba atalirudia somo la wiki iliyopita. Darasa ambalo halina daftari la namna hii ni pumbao la wikendi. Pumbao si dhambi, bali lisiuzwe kwa jina jingine.

Hapa ndipo panapotokea tatizo kubwa ambalo halizungumzwi vya kutosha: wanafunzi wengi wa shule za upili nchini husoma katika shule za bweni. Jumamosi yao haiko mikononi mwao. Kwao, mpango wa wikendi unageuka kuwa mpango wa likizo na mapumziko ya katikati ya muhula, na daftari ndilo linalobeba mzigo kati ya likizo moja na nyingine. Baadhi ya shule huwaruhusu wasanii kuingia Jumamosi alasiri kupitia vyama vya wanafunzi. Mwalimu mkuu anayekubali hilo huisaidia shule yake kwa gharama ndogo mno.

Wapo wanaouliza iwapo sheria inaruhusu. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inapiga marufuku mafunzo ya ziada wakati wa likizo, na kanuni za 2015 zinaweka vipindi vya masomo katika shule za kutwa kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa unusu alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Shabaha ilikuwa kuwakinga watoto dhidi ya kulazimishwa na kutozwa ada za kukariri mitihani bila kupumzika. Darasa la hiari la sanaa, lililo nje ya shule na lisilofundisha silabasi, ni jambo tofauti. Lakini darasa hilo likianza kuwatisha wanafunzi kwa KCSE na kuwasomesha majibu ya karatasi ya nadharia, litakuwa limeingia katika kile kile kilichokatazwa, na litakuwa limepoteza sababu ya kuwapo.

Mzazi aulize nini?

Hofu ya wazazi kwamba mtoto atakuwa maskini haipaswi kubezwa. Wachoraji wachache tu huishi kwa kuuza picha. Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi ambaye sanamu zake ziliwekwa mbele ya jumba la makumbusho la Metropolitan jijini New York mwaka wa 2019, na Michael Armitage, mzaliwa wa Nairobi ambaye picha zake zinatafutwa na majumba makubwa ya Ulaya na Marekani, si vipimo vya kumpimia kila kijana wa Kayole.

Hata hivyo, jicho lililofunzwa lina kazi nyingi zaidi ya picha za kutundikwa. Usanifu majengo, ubunifu wa mavazi, uchapishaji, katuni za magazeti, filamu za vibonzo, mandhari ya jukwaani na usanifu wa tovuti vyote huanza kwa mtu anayeweza kuweka wazo kwenye karatasi likaeleweka na mwingine. Vyuo vinavyofundisha taaluma hizi, hasa vya nje ya nchi, mara nyingi humtaka mwombaji aonyeshe jalada la kazi zake, na jalada haliwezi kukusanywa kwa wiki mbili za mwisho.

Tazama pia barabarani. Kanuni za usafiri zilizoanza kutekelezwa mwaka wa 2004 chini ya waziri John Michuki zilifuta michoro ya matatu na kuweka mstari wa manjano. Vijana waliokuwa wakiishi kwa brashi na rangi za kupuliza walikosa kazi. Mwaka wa 2014, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba michoro hiyo iruhusiwe, na gereji zikajaa tena. Wengi wa wachoraji hao hawakufundishwa na shule yoyote.

Mzazi anayetafuta darasa la kumpeleka mwanawe asianze kwa kuuliza ada. Aulize kwanza kama anaweza kuketi nyuma na kutazama kipindi kimoja kizima. Mwalimu anayekataa hilo bila sababu ya kueleweka asipewe mtoto. Mlango uwe wazi, wasichana na wavulana wawe mahali panapoonekana, na asiwepo mwanafunzi anayebaki peke yake na mwalimu baada ya wenzake kuondoka. Madirisha yafunguke, hasa panapotumika tapentaini au rangi za kupuliza.

Kisha atazame kuta. Ikiwa michoro yote ya wanafunzi inafanana na ya mwalimu, hapo panafundishwa kunakili. Ikiwa kila mmoja amechora sufuria ile ile na hakuna sufuria mbili zinazolingana, mwanawe yuko mahali pazuri.

Atazame pia idadi. Mwalimu mmoja hawezi kumwangalia kila mmoja kwa saa mbili akiwa na wanafunzi 30. Kumi na wawili ni kiasi, kumi na watano ni ukingoni.

Kwa mwanafunzi anayeanza muhula huu, lipo jambo moja dogo la kufanya siku ya kwanza. Auandike tarehe mchoro wake wa kwanza, hata kama mdomo wa sufuria umetoka mviringo kama sarafu, na asiutupe wala kumruhusu mama autumie kuwashia jiko. Aukunjue tena mwezi wa Novemba, aulaze sakafuni kando ya ule wa wiki hiyo, kisha amwite mzazi aje aone.